Banda Nililolijua kwa Moshi Tu

Kwako Bibi Mshauri,

Zitangulie salamu zangu za heshima, na baada ya salamu naomba radhi, kwa kuwa mtu wa umri wangu yampasa kutoa ushauri wala si kuuomba, lakini nimeelemewa, na yule aliyekuwa akinitua mizigo yangu amelala mavani huu mwaka wa pili, nami sina mwingine wa kumwendea ila wewe unisaidie.

Mimi ni mgane, nilisomeshwa na wamishenari, nikafundisha watoto hadi nilipostaafu, na kwa sababu hiyo watu wa huku kusini mwa Kwale hunidhania kuwa ninajua mengi. Tangu tulipojitawala, serikali imeazimia kuijenga upya hospitali yetu ndogo, ambayo kwa adabu sitaitaja jina, na safari hii, tofauti na enzi za wakoloni ambapo tuliamka tu tukaona kuta, iliamriwa kwamba wenyeji waulizwe kwanza kabla ramani haijakamilika. Basi ikaundwa kamati, nami nikateuliwa kuwa msemaji wa wenyeji, heshima ambayo naogopa niliipokea kwa furaha iliyopita kiasi, kwani nilishonesha hata koti.

Katika kikao, Daktari Matano, kijana wetu mpole aliyerejea karibuni kutoka masomoni, aliikunjua ramani mezani akaweka kidole nyuma ya wodi ya wazazi, mahali palipokuwa na banda la makuti ambamo mama, shangazi na nyanya za mwenye kuzaa hukaa wakapika na kumngojea, akaniuliza, "Mzee, hapa tungependa kuweka stoo ya dawa. Je, kina mama wataridhia banda hili liondoke?" Bibi Mshauri, ningeweza kumjibu, "Mwanangu, sijui, niache nikaulize." Badala yake nilisimama na koti langu nikasema, "Wataridhia, tena watashukuru kuepukana na moshi." Wajumbe wakapiga makofi, na kwa kuliamini neno langu banda likavunjwa juma lilelile ili mahali pale papimwe.

Naomba unielewe kwa nini sikuuliza. Kwetu mwanamume hawaulizi wanawake habari za uzazi, na baba mkwe ndiyo kabisa. Miaka yote, yaliyomo mioyoni mwa wanawake niliyapata kwa marehemu mke wangu Kadzo, ambaye jioni akinipakulia chakula alinieleza nani amefurahi na nani amenuna na kwa sababu gani, nami kesho yake nikizungumza barazani watu walisema mwalimu ana hekima. Alipofariki nilidhani hekima ile imebaki kwangu, kumbe aliondoka nayo. Hata siku alipozaliwa mwanangu Ziro katika hospitali hiyohiyo, nilisimama ng'ambo ya barabara kama ilivyo desturi ya waume, na banda lile nililijua kwa moshi wake tu.

Habari zilipoenea, nilikwenda asubuhi kwa jirani yangu Mwanapili, muuza mbaazi na mahamri, shoga wa marehemu, naye aliponiona akaifunika sufuria.

"Shemeji, karibu," akasema mbele ya wanawake wenziwe. "Nasikia wewe ndiwe mama yetu siku hizi. Umezaa lini, tuje tukukande?"

Wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Bi Mwanapili, nilidhani moshi unawaudhi."

"Moshi!" akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Mwenye uchungu akiusikia moshi wa mamaye anajua hayuko peke yake. Na lile la kuzikwa nyumbani, nani atalipokea? Karani wa stoo?"

Hapo alilitaja jambo la uzazi ambalo kalamu yangu yaona haya kuliandika, ambalo wazee wa kike hulingojea pale bandani ili walirudishe nyumbani likazikwe kwa heshima. Nilirudi kwangu bila mbaazi.

Kuchekwa ningekuvumilia. Lakini mkaza mwana wangu, Jumwa mkewe Ziro, ana mimba pevu, na mtoto wake wa kwanza alimpoteza akizalia nyumbani, naye mwenyewe akanusurika chupuchupu, hata daktari akaonya kwamba huyu wa pili asizaliwe popote ila hospitali. Sasa nimemsikia akimwambia Ziro, "Mie siendi kuzaa peke yangu kama paka gofuni. Nitakwenda kwa mama, Kibuyuni." Na Ziro, ambaye kila mara hutegemea neno langu, akanitazama, nami nikainamisha uso.

Kikao cha kuipitisha ramani kitafanyika kabla ya mfungo. Nikisimama kukiri kwamba nilisema nisilolijua, nachelea nitamwaibisha Daktari Matano mbele ya wakubwa wa mkoa, ambao baadhi yao wangali wakinong'ona kuwa wenyeji hawajui watakalo, na pengine fedha za ujenzi zipelekwe kwingine. Nikinyamaza, huenda nikamzika mkaza mwana wangu kwa adabu zangu zote. Zamani hatukuulizwa, Bibi Mshauri. Sasa tumeulizwa, na aliyejibu nikawa mimi. Je, si afadhali nijiuzulu kimyakimya, nimwachie nafasi anayefaa? Niwie radhi kwa kukuchosha.

Wako mtiifu,
Mgane, Kusini mwa Kwale

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Pole sana kwa kuondokewa na Bi Kadzo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilikasirika.

Unauwazia uso wako, uso wa daktari na nyuso za wakubwa wa mkoa. Tumbo la Jumwa halingoji nyuso za watu. Na hilo ambalo kalamu yako imelionea haya linaitwa kondo la nyuma. Nimeliandika, na gazeti halikuungua. Kamati isiyothubutu kulitaja itajengaje wodi ya wazazi?

Kujiuzulu usikutaje tena. Ukiondoka kimya, neno lako litabaki pale mezani likiitwa neno la wanawake wote, na stoo itajengwa juu yake.

Leo hii, wewe na Ziro nendeni kwa Daktari Matano. Mwombeni ruhusa mama yake Jumwa aandamane na binti yake hadi wodini na akae naye mpaka ajifungue, na kondo apewe yeye. Mwambie na sababu. Kijana huyo alikuuliza kwa kuwa alitaka kujua, nawe ukamjibu ili upigiwe makofi. Hataaibika kwa kuambiwa kweli mapema. Ataaibika wodi ikisimama mpya na tupu.

Kisha nenda kwa Mwanapili. Koti liache nyumbani. Mwambie, "Nilisema nisilolijua, nimekuja mnifundishe." Watakutania sana, na haki yao. Kaa uchekwe mpaka wachoke, halafu usikilize. Ruhusa ya daktari mpe yeye ampelekee Jumwa, maana wewe ni mkwe na hilo huliwezi. Mwombe pia awachague wenziwe mje nao kikaoni. Siku hiyo simama useme, "Sikuwauliza. Hawa hapa, waulizeni wenyewe," ukae chini. Kama hapana viti, wape chako. Wakubwa wakinong'ona, waache wanong'one. Mstari wa ramani hufutika kwa kifutio, lakini ukuta hubomolewa kwa nyundo.

Najua unamkosa Bi Kadzo, na barua yako yote inamlilia. Lakini kumbuka kuwa hekima ile hakuikuta jikoni. Alitoka mchana kwenda kwa wenziwe, akaketi, akauliza, ndipo jioni akakupakulia. Kupakuliwa kumekwisha, Mzee. Jipakulie.

Na banda likikubaliwa kurudi, makuti ya kuliezekea toa wewe. Siku ya Jumwa itakapofika, usisimame tena ng'ambo ya barabara. Sogea hadi pale adabu itakapokuruhusu, upige hodi, uwaulize waliomo ndani kama kuni zinatosha.