Bastola Ndogo ya Shangazi

Jumanne, 10 Juni

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Namwonea wivu shangazi. Siyo ng'ombe wake, wala hii nyumba yake ya Gitting. Ni vile anavyoweza kusema hapana mbele ya watu na bado akalala usingizi. Mimi mtu akiniuliza jina naangalia viatu. Shuleni Mbulu nikiulizwa darasani, Kiingereza ndicho kinachokimbia kwanza, kisha Kiswahili nacho kinakifuata.

Nachambua maharage huku naandika. Likizo.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ananunua ng'ombe kwa wafugaji wa tambarare na kuwauza mnadani. Mwaka jana majambazi walimpiga rungu njiani akitoka Katesh. Walichukua kila kitu. Kovu liko juu ya sikio, analifunika kwa kilemba. Akaomba kibali cha silaha. Kijiji, polisi, kamati, njoo kesho, njoo wiki ijayo. Hakuchoka. Kimetoka.

Keshokutwa Arusha, kuchagua bastola. Amesema niende naye, kwa kuwa mtu hawezi kujiona mgongo.

Alhamisi, 12 Juni

Duka halina mbwembwe. Kaunta, kioo, kijana mwenye shati safi. Alitoa kwanza nyeusi kubwa.

"Mama, hii ndiyo wanayoipenda wakubwa."

"Wakubwa wanakaa kwenye gari. Mimi nachuchumaa nyuma ya ng'ombe."

Mimi nilicheka ndani kwa ndani.

Shangazi aliivaa ikiwa tupu, chini ya sweta na kitenge, nguo zake za mnadani. Makusudi alikuja nazo. Akachuchumaa katikati ya duka kama anakagua kwato. Akainama kama anafungua mdomo wa dume kuona meno. Kazi yangu ilikuwa kusema kama inaonekana. Ilichomoza kama nundu. Nikatikisa kichwa.

Ya pili nyembamba, nzuri sana. Lakini kuna chuma cha juu unakivuta nyuma kabla ya risasi kuingia. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilivunjwa na kamba ya fahali, hakikunji sawasawa. Alivuta, ikamgomea. Alivuta tena. Akairudisha mezani.

"Nzuri. Siyo yangu."

Ningekuwa mimi ningeinunua ili nisimsumbue muuzaji. Kweli kabisa.

Ya tatu fupi, risasi zinakaa kwenye kingoma kinachozunguka. Haina cha kuvuta. Haina pembe ya kunasa kitambaa. Kijana alisema ni ya kizamani, risasi chache.

"Kwani nakwenda vitani? Nataka kufika nyumbani."

Akauliza habari za vumbi. Akauliza ikilala kiunoni muda mrefu bila kutumika, siku ya shida itaitika? Akaielekeza ukutani ikiwa tupu, akabonyeza. Tak. Akabonyeza tena na tena, mpaka kijana akasema, "Mama, utaimaliza kabla hujainunua." Sauti haikubadilika hata mara moja. Tak. Akachuchumaa, akainama, akaketi kwenye kigoda. Sikuona kitu. Na mimi nilijua ipo. Akailipia.

Ni nzuri. Naandika hapa kwa sababu msichana hapaswi kusema bastola ni nzuri.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani hakwenda nayo. Aliifungia kwenye sanduku la chuma. Alisema pale huingii na kitu cha kuua.

Jioni akafanya mazoezi, ikiwa tupu, mlango umefungwa. Mimi nimekatazwa kuigusa na sitaigusa. Anapandisha sweta kwa mkono mmoja, anaichukua kwa mwingine, kidole nje ya kifyatulio. Polepole sana. Anasema ni kama kukamua, mkono ukijua kazi akili inapumzika. Namwangalia nasahau sufuria. Ugali umeungua. Hakunigombeza.

Jumanne, 17 Juni

Siku mbaya. Naandika haraka.

Tulikwenda kwa mzee Gidamis, mfugaji Mdatoga, kule chini tambarare. Shangazi anamtegemea kuliko mtu yeyote. Akiuza yeye, majirani wanauza. Akikataa, mwaka mzima unarudi na kamba tupu mkononi. Njia ni ile ile ya rungu, kwa hiyo bastola ilikuwa kiunoni.

Kwake kuna utaratibu ambao hata mimi naujua. Mgeni haingii na silaha. Mikuki inaegemezwa ukutani nje, na fimbo pia. Siku hiyo ilikuwepo mitatu ya vijana wake, na wake mwenyewe. Shangazi alisimama kidogo pale mlangoni. Nilimwona. Kisha akainama, akaingia.

Sidhani alitaka kudanganya. Angeiacha wapi? Ukutani haiwezi kuegemezwa kama mkuki, watoto wapo. Kunipa mimi ni kosa. Kibali ni chake peke yake.

Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za majani. Maziwa kwenye kibuyu. Mazungumzo yalikuwa matamu, mzee akimtania kwamba anapenda ng'ombe kuliko wanaume. Shangazi akajibu ng'ombe hawakoromi.

Hapo mjukuu wa mzee akampanda shangazi mapajani. Kasichana kadogo, bado kanajifunza kuongea. Kakaegemea tumbo lake, kakagonga kwa kiganja. Kakagonga tena. Kakamwambia babu yake neno moja kwa lugha yao. Nililielewa kwa uso wa mzee kabla kijana wake hajatutafsiria.

Chuma.

Dukani tulijaribu kuchuchumaa, kuinama, kuketi. Hatukujaribu mtoto.

Mzee hakupaza sauti. Aliinuka, akatoka, akarudi na mkuki wake. Akaketi, akaulaza mapajani.

"Haya mama. Tuendelee."

Shangazi akamshusha mtoto mapajani. Tuliaga. Hata ng'ombe hatukuwaona.

Jumatano, 18 Juni

Shangazi hajala. Nimemsikia akijisemea jikoni, "Niliingia nayo. Niliingia nayo kwake."

Nilitaka kumwambia halikuwa kosa lake. Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji. Najichukia.

Jumamosi, 21 Juni

Amerudi kwa mzee Gidamis, nami nyuma yake. Nilidhani ataiacha nyumbani. Hakuiacha. Nikamuuliza, mimi niliyeuliza, kwa sauti. Akasema njia haijabadilika, na akipigwa tena rungu heshima ya mzee haitamfufua.

Basi nikajua tunakwenda kufukuzwa.

Tulipofika alisalimia akiwa uani. Mzee alikuwa ndani. Wakamletea kigoda, wakamwonyesha mlango. Alikichukua, akakiweka ukutani, pale pale mikuki inapoegemezwa, akaketi katikati yake. Upepo wa tambarare ulikuwa unarusha vumbi machoni. Vijana wakatazamana. Mmoja akacheka, akasema mama amekuwa mlinzi.

Mzee akauliza kutoka ndani, kwa nini mgeni haingii?

"Mzee, ninayo. Ni ya njiani, siyo ya kwako. Siwezi kuiacha mlangoni kama mkuki. Kwa hiyo nimejiacha mwenyewe mlangoni."

Mzee hakutoka.

Nilihesabu aibu zote ambazo ningezisikia mimi kama ningekuwa yeye, mbele ya vijana, mbele ya wanawake waliokuja kuchungulia. Yeye alikaa wima. Vumbi likajaa kwenye kilemba, hakulipangusa. Tulikaa mpaka kivuli cha nyumba kikatuacha, tukabaki juani.

Kisha mzee akatoka. Mikono mitupu. Akatazama mikuki, akamtazama shangazi, akawaambia vijana waisogeze kidogo apate nafasi. Akaketi ardhini kando yake.

"Ni ndogo?" akauliza.

"Ndogo."

"Ndiyo maana sikuiona. Mkuki una adabu, unaonekana kutoka mbali." Halafu akaagiza maziwa yaletwe nje.

Waliongea ng'ombe mpaka mifugo ikarudi. Anamuuzia madume. Si wote aliowataka, na si kwa urahisi. Mjukuu alikuja, mama yake akamwita kabla hajafika. Shangazi aliona. Nadhani ilimuuma.

Jumatatu, 23 Juni

Baridi. Ukungu umeshuka mlimani tangu asubuhi.

Sasa tambarare yote inajua ana nini kiunoni. Kuificha kwa watu wale kumekwisha. Nilimuuliza kama inamsikitisha. Akasema hapana, waliompiga hawakuwa watu wa mzee, na hao bado hawajui.

Leo alikuja mteja, akataka ndama kwa bei ya mbuzi. Shangazi alikuwa ghalani. Mteja akaniuliza mimi. Nikasema hapana. Sikuangalia viatu. Akaniangalia kama vile jiwe limesema, akaenda kumngoja mwenyewe.

Sijamwambia shangazi. Sijui ningeanzaje.

Amemaliza kuifuta, nimesikia sanduku la chuma likifungwa. Viatu vyake vya mpira viko kwenye korido, vinakuja huku. Shajara chini ya godo—