Chumba Namba: Meza

Tunduma,
4 Machi 1999

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na shangazi Raudha hajambo ila goti linamsumbua. Vipi kifua chako na vumbi la machimbo?

Dhumuni la barua ni kukutoa wasiwasi juu ya masomo. Maktaba ya chuo kule Vwawa ina viti ishirini, na wa bweni huwahi vyote. Sisi wa kutwa tukitoka darasani tunakuta wamekwisha kuweka madaftari juu ya viti kama watu wanaoweka zamu ya maji bombani. Nikirudi kutoka Vwawa, hapa kwa shangazi mashine ya kusaga ya jirani inanguruma mpaka magharibi. Sasa tumepata mahali, kwa Mama Lusubilo. Tuko wanne. Kila mmoja ameleta kitabu alichonacho, tunasoma kwa zamu. Vinakaa kabatini pamoja na mashuka, kwa hiyo hisabati yetu inanukia sabuni.

Barua hii anakuletea Luka wa lori.

Mwanao,
Zuleha

Saza,
2 Mei 1999

Kwako Zuleha,

Salamu. Kifua kinaendelea vizuri.

Luka alilala Tunduma wiki iliyopita. Alipotia saini kwenye daftari la wageni aliona jina lako juu ya lake, na juu yake tena, kurasa na kurasa. Nimeona haya mbele ya watu. Kumbe "kwa Mama Lusubilo" ni gesti. Wewe uliandika ni mahali.

Chuo basi. Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua.

Baba yako,
Aziz

Tunduma,
9 Mei 1999

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huku tu wazima, hatujui ninyi.

Ni kweli ni gesti, na ni kweli nililikwepa neno hilo. Niliogopa ungelisoma hilo tu na kuacha mengine. Hapo nimekosa, naomba radhi. Lakini wageni huondoka asubuhi, na ukumbi wa chakula hubaki mtupu hadi jioni. Mama Lusubilo hataki matata na mgambo, ndiyo maana kila anayevuka mlango huandika jina, hata fundi bomba. Wenzangu Ruti, Manase na Justine nao wamo daftarini, Luka hakuyaona majina yao kwa kuwa hafahamiani na baba zao.

Imeniuma kwamba umemsikiliza Luka, mimi hukuniuliza. Mtihani ni tarehe saba Juni. Ukija, kabla hujafunga sanduku langu, fungua daftari lile mwenyewe. Ukishalisoma, utakalosema nitalifuata.

Mwanao,
Zuleha

Tunduma,
30 Mei 1999

Mwanangu Zuleha,

Salamu nyingi. Naandika hapa ukumbini, kwenye meza yenu. Wewe uko Vwawa. Lori la Luka la kunirudisha linaondoka saa saba, nami ukweli sikumsihi asubiri. Nimeona haya kukutazama usoni.

Mama Lusubilo alinipa daftari bila kuniuliza kitu, nadhani baba wengine wamekwisha kupita. Nimesoma tangu Februari. Safu ya kabila umeandika "mwanafunzi". Nimecheka peke yangu. Unakotoka, nyumbani. Unakokwenda, nyumbani. Shughuli, kusoma. Na pale pa chumba namba, siku zote, kwa mwandiko wa Mama Lusubilo mwenyewe: "Meza". Luka alisoma jina akaishia hapo. Mimi nikaishia kwa Luka.

Sanduku lako sijaligusa. Fanya mtihani wako. Shangazi nimemweleza yote, na Luka nitamweleza leo njiani, nina safari nzima ya kumweleza.

Nami nilitakiwa kuandika jina, sheria ya nyumba. Aziz Idrisa. Ninakotoka, Saza. Ninakokwenda, Saza. Chumba namba: Meza. Shughuli: kumtafuta binti yangu.

Kabla sijatoka nimeongeza neno moja pembeni. Nimempata.

Baba yako