Buti Namba Arobaini na Tatu

Jumamosi, kipupwe.

Leo Dar kuna kibaridi. Asubuhi watu wa Mchafukoge wametoka na masweta, wauza kahawa wamechangamka, na mimi natokwa jasho mgongoni kwa hasira. Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo Mama atasikia, na Mama akisikia atanikumbusha kwamba Shabani ni kaka yangu mkubwa. Hilo nalijua tangu nizaliwe. Lakini leo nusura nimzabe kofi.

Nianze mwanzo, maana najua kuna wanaopita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza.

Jumatatu naondoka kwenda kazini milimani, kwenye kitalu cha uwindaji huko kusini. Nitakuwa msaidizi wa mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni mwenye kibali, anayesoma nyayo na kujua mnyama yupi anapigwa na yupi haguswi. Nimesomea kazi hii na cheti ninacho. Kilichokuwa hakipo ni viatu.

Mwaka jana walinichukua kwa majaribio. Nilikwenda na buti za kuazima, za mpishi wa kambi, zilikuwa zinabana kidogo tu. Kupanda nilipanda na wanaume, tena wengine niliwaacha nyuma wakihema. Kushuka ndiko kulikonimaliza. Mtu asiyewahi kushuka mlima hawezi kujua. Mguu mzima unateleza mbele ndani ya kiatu, vidole vinagonga, unapiga hatua vinagonga tena, mpaka unasikia kucha zinaanza kucheza. Nilifika chini nikitembea kwa visigino kama bata, nikapakiwa kwenye gari pamoja na masufuria. Kucha za vidole gumba zilidondoka zote mbili. Mkuu wa kambi hakunisema vibaya. Aliniambia nirudi msimu ujao na buti zinazonitosha, na akaongeza kwamba hatanipa nafasi ya tatu.

Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Nikipakiwa tena kwenye gari, kazi anapewa mwingine.

Sasa, miguu yangu. Navaa namba arobaini na tatu.

Nimeandika, na dunia nzima ijue. Shuleni waliniita Mtumbwi, na jina hilo halikuanzia shuleni, lilianzia nyumbani, kwa Shabani. Kwenye harusi ya binamu yetu wenzangu wote walivaa viatu vya sare, vya dhahabu, mimi nikasimama mwisho wa mstari na ndala nilizofunika kwa gauni. Kila duka la viatu mjini hapa nimeambiwa kwa sauti ile ile ya kumpa mtu pole ya msiba: dada, za kike zinaishia arobaini na moja. Nimezoea. Au nilidhani nimezoea.

Kwa nini nilimtuma Shabani? Kwa sababu wiki nzima nilikuwa nakabidhi kazi ofisini, kule kwa mawakala wa forodha karibu na bandari, na natoka maduka yanafungwa. Shabani anauza makava ya simu Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Ana rafiki yake hapo, Side, mwenye fremu ya kuuzia buti za mlimani na za kijeshi. Alivyosikia nazitafuta, akasema nisihangaike, atanunua yeye, iwe zawadi yake ya kuniaga. Nilifurahi. Naona aibu kuandika nilivyofurahi.

Nikampa chelewa. Sisi wa pwani ndivyo tunavyofanya: humtumi mtu kiatu bila kipimo. Unachomoa chelewa kwenye fagio, unaikanyaga, unaikata kisigino kinapoanzia na kidole kinapoishia, na aliyetumwa anakwenda kuitumbukiza ndani ya kiatu. Yangu niliikata kwa adabu zote. Nilisubiri mpaka jioni, mguu umevimba kidogo kama unavyovimba ukitembea. Nikavaa soksi nene. Nikasimama kwa miguu yote miwili, maana ukikaa mguu unakuwa mfupi. Halafu mbele nikaacha nafasi kidogo, ya kushukia. Nikamwambia, kaka, ikiingia hii bila kupinda, ndizo hizo.

Akaitia mfukoni.

Juzi Alhamisi akaja nazo. Mama akapiga kigelegele kifupi, majirani wakachungulia. Na kwa kweli ni buti nzuri, siwezi kusema uongo. Ngozi ngumu, soli yenye meno, zinapanda juu ya kifundo cha mguu. Nikavaa mbele ya watu wote wanatabasamu. Vidole vikagota mbele kabla hata sijafunga kamba.

Nikasema zinabana. Shabani akasema, "Zitaachia."

Mama naye, "Mwenzio kahangaika, Zuhura. Zitaachia."

Jana asubuhi nikaenda kuzijaribu ngazini, kwa sababu mji huu umelala chini kama mkeka na mlima wetu pekee ni ngazi za ghorofa. Kupanda mpaka juu, sawa. Kushuka, vidole vikaanza kazi ile ile ya mwaka jana. Nilipofika ghorofa ya pili Bi Manjula akafungua mlango, ana unga wa chapati mikononi. Amekaa jengo hili kabla sijazaliwa na hakuna mguu unaopita ngazini asioujua. "Zuhura, unashuka au unaanguka?" Nikamwambia najaribu viatu. Akanitazama mpaka chini. "Hivyo si vyako," akasema, akafunga mlango wake.

Leo nikaenda Kariakoo mwenyewe.

Side alinipokea vizuri. "Dada Zuhura! Buti zinasemaje?"

"Zinabana. Nataka arobaini na tatu."

"Za nani?"

"Zangu."

Akaangalia miguu yangu, akaangalia zile buti, akacheka kama mtu aliyekumbuka kichekesho. "Sasa mbona broo alizijaribu mwenyewe? Si alikalia stuli hiyo hiyo! Akasema zimemkaa freshi. Nikamuuliza, oya, unanunua za kwako au za sista? Akasema, sista hamalizi wiki kule, akirudi nitazivaa mimi."

Alisema hivyo akicheka. Hakujua anachosema, ndiyo maana simlaumu sana.

Nikamuuliza kuhusu chelewa.

"Chelewa gani? Aah, ile! Tulikuwa tumetoka kupiga mishkaki. Aliivunja, akachokolea meno."

Akachokolea meno.

Naomba niseme kilichoniuma, maana mtu anaweza kudhani ni namba. Angekosea namba ningemsamehe papo hapo, tungecheka, angeniita Mtumbwi na mimi ningemwita majina yake. Kaka yangu hakukosea. Alikwenda kuninunulia viatu akajinunulia. Alipokuwa anapokea kigelegele cha Mama, alikuwa ameshaona kichwani mwake mimi nikirudi, nikivua, na yeye akivaa. Zawadi ya kuniaga. Nilisimama pale kwenye fremu ya Side masikio yanawaka, nikataka kulia, nikaona hapana, Kariakoo hawatanipata kwa hilo.

Nikasema tena, kwa sauti, "Arobaini na tatu."

"Zipo, ila za kiume."

"Sijauliza za nani. Lete."

Nikataka kumrudishia zile za Shabani, akaninyooshea kidole ukutani, kwenye kile kibandiko chao cha mali ikishauzwa hairudishwi. Soli zilikuwa na mikwaruzo ya ngazi zetu. Basi, nikasema nanunua nyingine kwa fedha yangu. Akaleta mguu mmoja, wa pili ukabidi ufuatwe stoo. Tukiwa tunasubiri, muuza soksi wa pembeni akaingilia, kama ilivyo desturi ya Kariakoo kwamba jambo la mtu ni la wote. "Dada, chukua arobaini na mbili upendeze. Zitaachia."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia, na sasa naliandika ili nisilazimike kulirudia: ngozi inaachia ubavuni. Mbele haiachii. Hakuna kiatu kilichowahi kurefuka kwa sababu mwenye mguu alivumilia. Nimeambiwa zitaachia kuhusu viatu, kuhusu ofisi niliyokaa nikigonga mihuri ya watu, kuhusu yule mchumba aliyetaka niache kusoma. Kila kinachonibana kuna mtu pembeni asiyekivaa anayeniambia nisubiri. Muuza soksi akasema, "Haya mama, yaishe," akageukia wateja wake.

Ilipokuja pea nzima nilizijaribu kama inavyopasa. Soksi nene. Nikasukuma mguu mbele kabla ya kufunga kamba, kidole changu cha mkono kikaingia nyuma ya kisigino, kikatosha. Nikagonga kisigino chini, nikafunga kamba kutoka chini kwenda juu, nikaikaza pale mguu unapokunjikia ili usiteleze. Nikatembea. Kisigino hakinyanyuki. Lakini hiyo yote ni tambarare, na tambarare haijawahi kuniumiza.

Mbele ya fremu kulikuwa na lori linashusha marobota, na ubao mrefu umeegeshwa kutoka juu mpaka chini. Huo ndio mteremko nilioupata Kariakoo nzima.

Nikawaomba makuli. Mmoja akadhani natania. Nikapanda ubao na buti za watu, nikageuka, nikashuka taratibu, nikiegemea mbele kusudi. Nikapanda tena. Nikashuka kwa kasi. Watu wakajaa, mmoja akapiga mluzi, mwingine akauliza kama narekodi tangazo. Kuli mwenye robota begani akanifokea, "Dada, sisi tuko kazini!" Nikamwambia na mimi niko kazini. Akasimama, akanipisha nikashuka mara ya mwisho.

Vidole havikugusa popote. Nilivichezesha mle ndani kama mtoto anayecheza na maji.

Niliyaona maisha yangu mengine yote yakiwa hivyo, hayanibani popote, kwa muda ule mfupi kwenye ubao. Halafu nikakumbuka buti zile nyingine zilizoning'inia begani, hasira ikarudi pale pale ilipokuwa.

Shabani ameingia baada ya sala ya Magharibi. Mama alikuwa jikoni na mchuzi wake. Nikaziweka zile buti mbele ya miguu yake, nikamwambia, "Vaa, kaka."

"Za nini?"

"Side kanisimulia."

Kwanza akatabasamu. "Si utani tu, Zuhura." Sikutabasamu. Akakaa kwenye kochi, akazivaa, sijui kwa nini alizivaa, labda kwa sababu alikosa kingine cha kufanya na mikono. Zikaingia bila shida. Mama akatoka na mwiko, hajui lolote, akasema, "Hee, zimekupendeza, mwanangu." Na ni kweli. Kaka yangu sasa ana buti za mlimani zinazomkaa sawasawa, na safari yake ndefu kuliko zote ni kutoka hapa mpaka Msimbazi.

Mama aliporudi jikoni nikamwambia, "Nikishindwa, nitashindwa kwa miguu yangu. Si kwa yako."

Akainama, akaanza kufungua kamba. Akasema bila kunitazama kwamba mwaka jana ni yeye aliyenipokea stendi nikichechemea, ni yeye aliyeniosha vidole, na hataki kuviona vile tena.

Hilo ni kweli. Aliviosha kwa maji ya chumvi, na alilia akidhani simwoni. Ndiyo maana sielewi. Nikamuuliza, "Ndiyo ukaninunulia zinazobana kama zile?"

Nilitaka aseme samahani, neno moja, hata kwa kunung'unika. Nilikaa nikalisubiri. Alivua mguu mmoja, akavua wa pili, akazipanga buti ukutani vizuri kama vyombo vya kioo, akavaa ndala zake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Basi usirudi," akasema, akatoka.

Sijui amenifukuza au ameniombea dua. Nimeligeuza neno hilo jioni nzima, chakula kimepoa, na sitakwenda kumuuliza, kwa sababu bado nina hasira na kwa sababu yeye mwenyewe huenda hajui. Mama anasema nimtii kaka yangu. Sawa. Jumatatu gari likija naondoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nitamtii Shabani neno kwa neno.