Baba Ameupinda Mwale

Othaya, Jumapili, Agosti 1975

Nimechoka na swali la Baba. Tangu nipate nafasi ya kusomea fizikia ya moto wa jua ng'ambo, ni lile lile: msichana aende mbali hivyo kusomea moto?

Leo baada ya kanisa nimempeleka yeye na Mama kwenye maabara ya shule ninakofundisha. Mama alibaki nje. Nikawasha ile chupa ya kioo inayotoa mwale wa chembe za umeme, nikampa Baba sumaku.

Aliisogeza, mwale ukapinda. Akaiondoa, ukanyooka. Akarudia, akarudia tena.

Nikamweleza kwamba moto kama wa jua, ambao nao ni chembe za umeme, utayeyusha sufuria yoyote, lakini sumaku inaweza kuushika bila kuugusa, watu wapate umeme.

"Kuna mtu amewahi weza?"

"Bado, Baba."

"Na wewe ukishindwa?"

Hilo linanitisha hata mimi. Huenda nikazeeka kabla...

"Mwingine ataanzia pale nitakapofika," nilimjibu. "Lakini lazima nifike mahali."

Aliisogeza sumaku mara moja zaidi. Kisha akafungua mlango, akamwita Mama.

"Mama Wanjirũ! Njoo uone hii kitu msichana wako anaenda kusomea."

Alisema *anaenda*. Mama pia alisikia.