Upinde Uliopimwa Mkononi Mwangu

Mume wangu, Baba Masanja,

Huko uliko najua hakuna wa kukugombeza, kwa hiyo acha nianze na hilo. Umeniachia jiko limejaa miti. Mikole yako ya kuchongea pinde bado imelala darini juu ya moto, imepakwa mafuta ya ng'ombe, inakula moshi, na kila nikiinuka kusonga ugali nagonga kichwa. Miaka yote nilikuambia uihamishe. "Ikikauka nitaitoa," ulisema, na ikikauka hiyo unaleta mingine. Sasa umetoka wewe, yenyewe imebaki.

Leo nimeitazama nikakumbuka Ilula. Ilikuwa miaka ya sabini, barabara kuu ya lami bado mpya, nami nauza nyanya kando yake pamoja na shangazi. Lori la ng'ombe kutoka Usangu likapasuka gurudumu mbele yetu. Ukashuka wewe, mrefu, umebeba furushi la pinde. Ukanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," nikakujibu kwa Kihehe, "Kamwene," tukacheka. Gurudumu likazibwa, dereva akapiga honi, wewe bado unageuzageuza nyanya. "Mchagua jembe si mkulima," shangazi akakuambia. Ukanunua ndoo nzima.

Ulipomtuma mshenga, baba alikasirika. Alisema wafugaji leo wapo, kesho wamehama, na kwamba siku moja nitarudi kwake na mtoto mgongoni. Nililia mpaka macho yakavimba, maana nilikuwa nimekwisha kukupenda, sifichi. Mwisho akatoa neno. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yake, na upinde wake ulikuwa umevunjika. "Kama ni fundi kweli, anichongee mwingine. Nikiupenda tutaongea. Nisipoupenda, asikanyage tena hapa."

Hapo sasa pakawa na kazi. Upinde hauchongwi hivi hivi kama mpini wa jembe. Ulinieleza kwamba fundi humpima mwenye upinde, kuanzia ngumi ya mkono ulionyooshwa mpaka kifuani, ndipo anajua urefu. Na mchumba hamkaribii baba wa binti, sembuse kumshika mkono. Ukakaa ukawaza. Kisha ukaniuliza, "Wewe mikono umeirithi kwa nani?"

"Kwa baba. Hata mama anasema."

Basi ukanipima mimi, uani kwa shangazi, kwa ugwe wa gome la mti, na mwenyewe amekaa katikati yetu anapukuchua maharage kama askari wa zamu. Ukanyoosha mkono wangu kwa adabu, ukashika ncha ya ugwe kwa vidole viwili tu. Ukaanza kuchonga. Ukiondoa maganda kidogo kwa kisu unanipa: "Vuta." Navuta. Unachuchumaa, unaangalia kama ncha ya juu na ya chini zinapinda sawa. Unachonga tena. "Vuta." Mikono ilichoka, lakini sikutaka uache. Sijawahi kutazamwa na mtu kwa utulivu ule.

Wala hakuna aliyeliona kosa, si wewe, si mimi, si shangazi na ujuzi wake wote. Urefu ulikuwa wa baba, sawa. Lakini nguvu ilikuwa yangu.

Mshenga akaupeleka upinde nyumbani. Baba akaufunga kamba, akauvuta. Ukaja wote mpaka sikioni, laini, kama anavuta pazia. Akaushusha. "Huyu kijana ananiona nimezeeka?" Nikajua maji yamemwagika.

Shangazi ndiye aliyesema. "Kaka, upinde huu kapimiwa binti yako. Mkwe mtarajiwa angekupimaje wewe?"

Baba akanipa upinde. "Vuta." Nikavuta, ukaja mpaka shavuni ukasimama. Akanizunguka, akaangalia zile ncha mbili, akaangalia vidole vyangu vilivyokaa pale pa kushikia bila kuacha nafasi. Baba hakuwa mtu wa kusifu. "Amekuangalia vizuri," alisema. "Mwambieni aje."

Wa kwake ulimchongea baadaye, mgumu kama roho yake, na nguruwe waliukoma. Huu wangu ninao. Ulinitania maisha yote kwamba umetengeneza pinde za wanaume wa Usangu nzima na uliokuharibikia ni mmoja tu. Nami nilikujibu kwamba huo mmoja ndio uliokupa mke.

Sasa nikuambie la leo. Masanja na wadogo zake wamekuja. Wanasema tangu tukuzike nimekonda, Usangu ni mbali, nirudi Ilula nikakae na ndugu zangu, nyumba ipo. Wana nia njema, wanangu. Nami usiku nakulilia, jioni nakuita kabla sijakumbuka kwamba hupo, na siku nyingine hata kusonga ugali wa mtu mmoja kunanishinda. Nilitaka kukubali. Nikafunga hata nguo.

Nimezifungua. Nimewaambia Ilula nitakwenda kusalimia tu, kisha nitarejea, kwa sababu kwetu ni hapa ulipolala.

Pumzika, mume wangu. Nimekupenda, na bado.

Mkeo,
Mama Masanja