Kunguru Wanaijua Sura Yangu

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi. U mzima? Kile kikohozi kimekuachia? Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua. Mimi pia mzima, ila utosi umejaa vidonda, na nimekukasirikia.

Uliniambia kwenye simu, "Bomoa tu hicho kiota, kunguru atakufanya nini?" Nikakusikiliza, maana mfereji wa paa ulikuwa umeziba na maji yanamwagikia cherehani yangu pale barazani. Nikapanda ngazi, nikakisukuma kwa ufagio. Mayai yakapasuka chini. Kunguru wenyewe walikuwa juu ya waya wa umeme, wananitazama.

Tangu hapo sina amani. Nikitoka nje tu, wananishukia kichwani. Mama anaanika nguo uani, hawamgusi. Nikavaa gauni lake na mtandio wake, nikatembea kwa kuchechemea kama yeye. Wakanichungulia usoni, kisha wakanidonoa.

Nikatoa ile helmeti yako ya zamani ya pikipiki. Nayo nilipita salama, nikajiona mjanja. Juzi akaja binti kuchukua gauni lake la harusi. Nikampelekea getini, nikainua kioo nimsalimie. Sijamaliza salamu, kunguru huyo usoni! Gauni likadondoka kwenye tope.

"Fundi, harusi ni kesho!" Alilia, nami nikalia. Tulilifua na Mama, doa likagoma kutoka, nikalifunika kwa utepe. Binti alilichukua bila hata kuniaga.

Sasa hata kunguru wa sokoni, ambao sijawakosea kitu, wananizomea. Wameambiana, hakuna jingine.

Nilinunua sumu. Mama akaninyang'anya. "Umewavunjia mayai. Ulitaka wakupigie makofi?" Huyo ndiye mama yetu, upande wa kunguru!

Na wameanza kujenga tena, mfereji uleule. Mama amesema hakuna kugusa mpaka makinda waruke. Mimi nashonea ndani, madirisha nimefunga, jasho linadondokea vitambaa vya watu.

Kwa hiyo ushauri wako baki nao. Njoo mwenyewe, upande ngazi, uzibue huo mfereji kwa mikono yako. Wewe kunguru hawaijui sura yako. Mama naye ameanza kuisahau.

Msalimie wifi na watoto. Waambie shangazi yao anawasalimu, ila amenuna. Mungu akutunze huko, na akuonyeshe njia ya kurudi.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Fundi