Kochi alisema kichwa yangu haiko solide

Rafiki yangu Hawa, banitosha inje ya ekipe ya handball. Mi, gardien yabo, mwenye analinda goli. Leo asubuyi, mbele ya benzangu bote.

Komite ilisema kampuni yenye ilikuwa inatusaidia na feza imetuacha, basi banabakisha bale ba nguvu tu. Mi sikuogopa hata kidogo.

Halafu Kochi Odile akasimama. Akasema: "Shekina analiaka mbele ya kila mechi. Kichwa yake haiko solide, haina nguvu."

Kochi Odile, Hawa. Ni yeye mwenyewe aliniambia nilie. Tangu batufukuze ku kartie yetu sababu ya kampuni ya mine yenye inachimba pale, alikuwa ananiingiza mu vestiaire, chumba ya kuvalia, anafunga mulango, anasema: "Toa yote kwangu, mutoto wangu, halafu uende kucheza." Na nilikuwa naenda kucheza.

Nikamuuliza mbele yabo: "Mama Kochi, ni mechi gani nilishindwa kucheza sababu ya machozi?"

Akaangalia chini. 

Nikavua maillot ya ekipe, nikamupa ku mukono. Akanifuata mpaka ku mulango, akaniambia polepole: "Unaona, leo haukulia. Uko na nguvu."

Alisema vile, Hawa. Uko na nguvu.

Nikatoka. Sasa niko ku nyumba, na machozi inakatala kusimama. Kuya huku kwangu. Sitaki kulia peke yangu.